Kibao cha Kukusanyikia Sheli ya Hajati

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Upepo wa hapa Mpemba, mpakani, unapita kwenye koti kana kwamba koti halipo. Vumbi mdomoni tangu asubuhi.

Lakini leo kuna habari. Hajati Zakia, mwenye sheli yetu, alituita ofisini. Alisema wakaguzi wa usalama wanakuja wiki ijayo, na sheli haina msimamizi tangu yule wa zamani arudi kwao Singida. Anataka mtu atakayejua la kufanya mafuta yakimwagika au moto ukitokea. Nafasi iko kati ya watu wawili. Mimi na Othmani.

Othmani! Mtu anayekunja kitambaa cha kufutia vioo kama anakunja bendera ya taifa. Ananiita kaka Lusubilo mbele ya Hajati, na Hajati akiondoka bado ananiita kaka Lusubilo. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu asiye na unafiki utamshikia wapi?

Kazi zimegawanywa. Othmani ashughulikie mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga. Mimi kengele, na kibao cha kuwaonyesha watu wakimbilie wapi. Jumamosi Hajati atatazama zoezi. Atakayemridhisha anapata usimamizi pamoja na nyumba ya msimamizi, ile ya vyumba viwili nyuma ya ofisi.

Nyumba! Mke wangu Roda yuko kwao Mbebe, Ileje, tangu mwezi wa tatu. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya baa, ambako spika inalala sisi tukiamka. Siku ya kuondoka alisema amechoka. Hakufafanua. Mimi nilielewa: kachoka na chumba.

Basi nikipata nyumba, nampata Roda. Mambo si magumu. Pole, Othmani.

Jumanne, 15 Julai

Nilimpigia simu Roda. Nia yangu ilikuwa kumwambia kwamba naugombea usimamizi. Mdomo ukasema nimeshaupata, pamoja na nyumba. Ndiyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikasikia kuku kwa nyuma. Akauliza kama ni kweli. Nikasema kweli tupu. Akauliza kama hiyo nyumba ina mlango wa maana. Nikasema ina kitasa, tena viwili. Akasema basi Jumamosi anakuja, na kuku wake anawaleta, kwa hiyo niwanunulie pumba. Sauti yake ililainika kidogo pale mwishoni. Ilikuwa sauti ya zamani. Alishakata simu, mimi bado nimeishikilia sikioni.

Nimenunua gunia zima la pumba.

Sasa kibao. Chenyewe kizuri, kijani, fundi amechora watu wanne wanaokimbilia katikati. Mmoja amenenepa, anafanana na Hajati, sikusema kitu. Maelekezo yanataka kiwekwe mbali na pampu, mahali pa wazi. Mahali pa wazi ni kule juu, karibu na uzio. Nilikwenda nikasimama. Upepo! Masikio yaliniuma mpaka kwenye meno. Nikawaita wenzangu wauza mafuta tujaribu kukusanyika. Walisimama kidogo. Mmoja akaaga, mwingine akamfuata, na mwishowe niliwakuta wote kwa Ferista wanaota moto.

Ferista ni mama lishe wetu. Kibanda chake kiko chini, kwenye kona ya sheli: chai ya tangawizi, supu ya utumbo, na jiko la mkaa lisilozimwa kuanzia alfajiri. Mwezi wa saba watu wote wako pale. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, mawakala, wabadilisha fedha, bodaboda. Nikajibana katikati yao nikaota. Ndipo akili ikanijia. Mtu akitishika hukimbilia wapi? Alikozoea! Kwa nini nishindane na binadamu? Kibao kitakaa kwa Ferista.

Ferista alikataa kwanza, akasema kitamzibia wateja. Nilipomweleza kwamba kibao kinaamuru watu waje kwake, aliuliza kama fundi anaweza kuongeza neno supu.

Jumatano, 16 Julai

Kibao kinahitaji zege. Saruji niliomba kwa fundi wa ujenzi, akanipa. Mchanga sina. Na mchanga safi ulio karibu uko kwenye ndoo za Othmani.

Ndoo hizo! Sita, nyekundu, kapanga mstari juu ya ubao, kaandika MOTO kwa rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zimenyooka. Hajati alipita asubuhi akasema mashallah. Alipofika kwenye shimo langu la kusimikia kibao aliniuliza kama kuna bomba la maji limepasuka.

Adhuhuri Othmani akaenda kuswali. Nikachota. Najua, kumchotea mtu aliye kwenye sala si vizuri. Lakini niliazima, sikuiba. Nafasi iliyobaki nikaijaza pumba, na chini ya kila ndoo nikaweka jiwe ili uzito usije ukanisaliti. Juu, mchanga wa kufunika. Kwa macho huwezi kutambua. Tena moto wa Jumamosi ni wa zoezi, haupo. Nani atakosa mchanga wa kuzimia moto ambao haupo?

Othmani aliporudi alikuja kunishikia nguzo wakati namwaga zege. Sikumwomba. Akauliza kwa upole, kaka Lusubilo, hapa si pana moto? Nikamwambia ndiyo maana pana watu. Akakuna kidevu. Akasema labda tumuulize Hajati. Nikamwambia wivu utamzeesha. Akaomba msamaha! Anachosha mtu huyu.

Alhamisi, 17 Julai

Kengele. King'ora cha umeme Hajati kakikataa. Nikapata rimu la lori, nikalitundika kwenye mti nyuma ya ofisi, nikalijaribu kwa kipande cha nondo. Mlio safi kabisa. Safi mno! Shule ya msingi ya nyuma yetu nayo ina rimu la kengele. Watoto wote wakatoka darasani wakidhani ni mapumziko, wengine wakafika mpaka kwa Ferista kuomba andazi.

Mwalimu mkuu alikuja amekunja uso. Nikamweleza kwamba ni kengele ya dharura. Akauliza dharura gani. Nikasema bado haijatokea. Alinitazama muda mrefu kama ninavyotazama noti yenye mashaka.

Othmani amenunua filimbi na reflekta. Kwa fedha yake. Hajati kamwona.

Jioni nililala mapema. Spika ya baa haikulala.

Ijumaa, 18 Julai

Roda amepiga simu. Shamba lake la maharage kamwachia dada yake. Vyombo kafunga. Kanisani kawaaga, mchungaji kamwombea. Aliniambia kwa furaha, harakaharaka, kama binti. Mimi nasema eeh, eeh, jasho linanitoka kwenye baridi hii.

Nikakimbilia kwa Hajati. Nikamwomba ufunguo wa nyumba leo, niifagie tu. Akasema atakayefagia ni msimamizi, na msimamizi atajulikana kesho. Nikasema naweza kufagia kwa kujitolea. Akanifukuza.

Nilikusudia leo kumrudishia Othmani mchanga wake. Kwa kweli nilikusudia. Nikaenda kwenye kibao, nikakitazama. Mchanga umeshakuwa zege. Huwezi kurudisha zege kwenye ndoo.

Mchana Othmani akanigawia wali wake. Akasema ameomba dua nipate mimi, maana mimi nina mke wa kumweka nyumbani, yeye yuko peke yake hapa, watu wake wote wako Kondoa. Akasema mkubwa wake hapa Mpemba ni mimi. Nikageukia wali. Nikala wote.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika kifupi.

Zoezi lilikuwa lianze baada ya chai. Hajati kakaa kwenye kiti cha plastiki, miwani usoni. Mara lori la mafuta likaingia, likaanza kushusha petroli kwenye matangi ya chini ya ardhi. Othmani akaomba tusubiri lori liondoke kwanza. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba dharura haisubiri lori. Hajati akaitikia kwa kichwa. Nilijiona mtu mkubwa.

Ghafla mpira wa kushushia ukachomoka. Petroli ikabubujika chini. Sheli yetu ina mteremko. Miaka yote hii sikuwahi kuufikiria. Unaanzia kwenye matangi na unaishia kwa Ferista.

Nikapiga rimu kwa nguvu zangu zote! Na walikimbia, jamani, walikimbia vizuri! Wauza mafuta, madereva, abiria wa bajaji, wote mpaka kwenye kibao. Maishani mwangu sijawahi kutiiwa hivyo. Petroli nayo ikashika mfereji, ikawa inateremka kuelekea kibao hichohicho.

Othmani akapuliza filimbi. Akapiga kelele watu wapande juu, uzioni. Mimi nikapiga kelele wasiondoke, kibao kiko hapa! Dereva mmoja Mzambia akauliza kwa heshima ya kwao, mukwai, tumsikilize nani? Nikasema mimi. Wakamsikiliza Othmani. Yeye akateremka mwenyewe, akawasukuma waliobaki, akamvuta Ferista aliyekuwa ameng'ang'ania sufuria ya supu. Hawajafika mbali, petroli ikafika jikoni.

Sauti yake ni kama mtu mkubwa amevuta pumzi. Kisha kibanda chote kikawa moto.

Dereva wa lori alikuwa ameshafunga valvu, kwa hiyo mafuta yaliyomwagika hayakuwa mengi. Ndiyo salama yetu. Othmani akakimbilia ndoo zake. Akarusha ya kwanza. Ukatoka mchanga kidogo, zikafuata pumba, likafuata jiwe. Moto ukazidi! Akaitazama ndoo. Hakuelewa. Akachukua ya pili, akasogea karibu zaidi, na safari hii pumba zikawaka hewani zikamrudia mkono mzima. Hakupiga kelele. Aliitazama ndoo tena, kana kwamba ilikuwa imemtukana.

Uliozima ni mtungi. Mtungi wa Othmani. Madereva wakamalizia kwa majembe na udongo. Hakuna aliyekufa. Kibanda cha Ferista hakipo. Kibao changu kipo, kimeungua nusu, kimebakiza watu wawili.

Hajati akainama akaokota pumba. Akauliza nani ameweka chakula cha kuku kwenye ndoo za moto. Watu wote wakamtazama Othmani, maana ndoo ni zake. Othmani kakaa chini, mkono kauinua juu, akasema hajui, Hajati, wallahi hajui.

Na hapohapo bajaji ikasimama barabarani. Roda. Godoro juu, kuku kwenye tenga, amevaa kitenge cha bluu nilichomnunulia Nakonde tulipokuwa wachumba. Akapita kwenye moshi, akamwamkia Hajati shikamoo, akauliza nyumba ya msimamizi iko wapi. Hajati akasema msimamizi bado hajapatikana.

Roda akanigeukia. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alionekana kama mtu aliyefika sokoni akakuta soko limehamishwa. Kisha akamwona Othmani pale chini. Akaomba maji safi, akapiga magoti, akawa anammwagia mkononi taratibu mpaka gari likapatikana. Akapanda naye kwenda hospitali.

Godoro nililibeba mwenyewe. Kesho nitasema ukweli kuhusu pumba.

Jumapili, 20 Julai

Nilikwenda hospitali kusema. Othmani kafungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Roda yuko pembeni anamnywesha uji, maana mgonjwa hana ndugu hapa. Alilala kwenye benchi.

Othmani alifurahi kuniona! Akasema kitu kimoja kinamsumbua kuliko kidonda. Mchanga ule aliujaza mwenyewe, anakumbuka hata koleo alilotumia. Sasa anaogopa kwamba akili yake inaanza kumtoka, kama ilivyomtoka baba yake. Akaniomba nimwambie kwa uaminifu kama nimewahi kumwona akifanya mambo ya ajabu.

Hapo ndipo pa kusema. Nilipaona kabisa. Nikasema labda ni panya, panya hubeba pumba. Akafikiri. Akauliza kama panya hubeba na mawe. Nikasema wa mpakani hubeba.

Roda aliacha kukoroga uji.

Jioni tulirudi chumbani wawili. Spika ya baa inatikisa kikombe mezani. Kuku chini ya kitanda wanalia njaa. Akaniuliza ziko wapi pumba za kuku wake. Nikasema zimekwisha. Akasema kuku wamefika jana, nani amekula gunia zima? Akaliokota lile gunia tupu, akalikung'uta, akakaa nalo mapajani.

Nikasubiri matusi. Hakutukana. Alisema asubuhi niende kwa Hajati niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu kuna mtu hospitalini anadhani anapata wazimu. Mpaka nirudi, hafungui mizigo. Nikaapa kwamba nitasema. Alilala ameelekea ukutani.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikwenda. Nilijiandalia maneno njiani, mazuri, yenye toba. Hajati hakuniacha nifungue mdomo. Akasema Othmani ameaga kazi, anarudi Kondoa kupona, hawezi kukabidhiwa mambo ya moto wakati yeye mwenyewe hajiamini. Wakaguzi Jumatano. Mtu mwingine hana. Akasema kibao nilikiweka pabaya sana na nikitoe leo hii, lakini rimu walilisikia wote. Akachomoa ufunguo kwenye pochi, akauweka mezani.

Ulikuwa pale mbele yangu. Wa shaba, una kamba nyekundu. Nikasema asante sana, Hajati. Maneno mengine yote yalibaki kifuani.

Niliingia kwa Roda nimeuinua ufunguo juu. Mizigo iko palepale. Akauliza neno moja tu, kama nimesema. Nikamweleza habari ya vyumba viwili, dari nyeupe, bafu la ndani, hakuna spika. Akauliza tena. Nikamwambia nitasema baada ya wakaguzi kuondoka, mtu haanzi kazi mpya kwa kuharibu.

Akanyanyua tenga la kuku. Pale mlangoni akasema chumba kimoja angekivumilia mpaka uzeeni, kwamba mwezi wa tatu hakuondoka kwa sababu ya chumba. Akapitia hospitali kwanza. Najua alichokwenda kumwambia Othmani. Kisha akapanda gari la Ileje.

Nimefikiri siku nzima. Kama si chumba, ni nini basi? Labda ni jiko. Chumbani kwetu kweli hatukuwa na jiko la maana.

Jumanne, 22 Julai

Nimehamia. Nyumba ni nzuri. Nimefunga vitasa vyote viwili, nikakaa katikati ya chumba, nikasikiliza. Kimya kabisa. Sikujua kimya kina sauti mbaya kiasi hiki.

Godoro la Roda nimelitandika chumba cha pili.

Othmani ameondoka na basi la asubuhi. Alipita kuniaga! Uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu aliyepona ugonjwa aliokuwa hana. Hakunilaumu. Hakuniita kaka pia. Aliniambia tu nijaze mchanga kwenye ndoo. Nikamwambia bila shaka. Kesho asubuhi, kama muda utaruhusu.

Kibao nimekihamisha. Kule uzioni hapana, watu hawawezi kusimama kwenye upepo ule. Nimekiweka ubavuni mwa yale malori ya mafuta yanayolala hapa, upande ambao upepo haufiki. Patulivu sana. Ferista alikuja analia, hana pa kupikia. Nikamhurumia, nikamwambia afungue jiko palepale chini ya kibao, watu wakikusanyika wapate kitu cha moto. Amenishukuru. Utu ni kitu.

Sasa Roda. Simu hapokei. Dada yake amepokea mara moja, akasema yuko shambani, nikasikia sauti ya Roda ikimwambia aseme yuko shambani.

Lakini nina mpango. Nimeupata leo mchana, mzuri kuliko yote. Roda hawezi kumwacha mtu aliyeungua. Niliona mwenyewe. Hakumjua Othmani hata jina, akapiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake cha bluu, akamshikia mkono kama yai. Akalala kwenye benchi kwa ajili yake. Mimi ni mume wake wa ndoa.

Kwa hiyo, bandeji. Nimenunua duka la dawa. Nimejifunga mkono wa kushoto, wa kulia nauhitaji kwa kuandika. Kesho wakaguzi wakiondoka nitamtumia ujumbe kwa dada yake kwamba nimeungua vibaya nikiwaokoa watu. Akija atanikuta kitandani. Nimejizoeza mbele ya kioo namna ya kugugumia na kumwita jina. Mara ya kwanza haikufaa. Ya pili nilicheka. Ya tatu nilipomwita Roda machozi yakatoka yenyewe, mengi, yakakataa kukoma mpaka bandeji ikalowa.

Kwa machozi kama yale lazima ataamini.